Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kwa Nini BBC Ilipata Kiti Sengerema na Al Jazeera Ikakosa Marekani

Wadau, leo naomba tuongee historia kidogo. Kuna swali limekuwa likinizunguka kichwani, na kwa kuwa ugali wangu unatokana na habari, naona si vibaya tukilichambua kwa kirefu.

Januari 2013 shirika la Al Jazeera, ambalo linagharamiwa na serikali ya Qatar, lilinunua kituo cha televisheni cha Marekani kilichoitwa Current TV. Mmoja wa wamiliki wake alikuwa Al Gore, makamu wa rais wa zamani wa nchi hiyo. Bei iliyotajwa ilikuwa kama dola milioni 500. Agosti 20, 2013 kituo kipya, Al Jazeera America, kikaingia hewani kikiwa na mamia ya wafanyakazi, wengi wao waandishi wazoefu waliochukuliwa kutoka vituo vikubwa vya huko huko. Aprili 12, 2016 kikazimwa. Hata miaka mitatu hakikutimiza.

Sasa tulinganishe na huku kwetu Kanda ya Ziwa. Nenda Sengerema, vuka mpaka Kome au Maisome, kaa mwaloni na wavuvi wa dagaa wenye umri wa wazazi wetu. Waulize kuhusu "Dira ya Dunia". Hakuna atakayeshangaa. Kwa miaka mingi ilipofika saa kumi na mbili na nusu jioni redio ya betri ilikuwa inapandishwa sauti, na watoto wanaambiwa wanyamaze, kwa sababu London inazungumza.

Ajabu iko wapi? Uingereza ndiyo iliyotutawala mpaka Desemba 1961. Idhaa ya dunia ya BBC ililipiwa na wizara ya mambo ya nje ya Uingereza mpaka mwaka 2014. Kwa maneno mengine, ilikuwa redio inayolipiwa na serikali ya mkoloni wetu wa zamani. Qatar kwa upande wake haijawahi kumtawala Mmarekani hata siku moja. Lakini ya mkoloni ikapewa kiti sebuleni, na ya Qatar ikaachwa mlangoni. Kwa nini?

Jibu rahisi ambalo huwa nalisikia vijiweni ni kwamba Wamarekani hawawapendi Waarabu, na sisi Waswahili ni watu wakarimu. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nauliza: je, kama mwenyeji hajioni mgonjwa?

Turudi nyuma. BBC ilianza kutangaza kwa Kiswahili Juni 27, 1957. Mwaka huo huo ilianza pia kwa Kihausa na Kisomali. Si kwamba Waingereza waliamka siku moja wakatupenda. Redio Cairo ya Gamal Abdel Nasser ilikuwa imewatangulia, ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1954, ikiwaambia watu wa Afrika Mashariki waziwazi kwamba ukoloni lazima uondoke. Vita vya Suez vilikuwa vimepiganwa mwaka 1956, na London ikaona haiwezi kumwachia Nasser uwanja peke yake. Baadaye wakaja wengine: Redio Peking mwaka 1961, Sauti ya Amerika mwaka 1962, Deutsche Welle ya Ujerumani mwaka 1963, na Moscow nayo ikawa na Kiswahili chake. Yaani katika miaka ile ya uhuru, mtu mwenye redio ya masafa mafupi hapa kwetu alikuwa anabembelezwa na nusu ya dunia, tena kwa lugha yake.

Ni jambo la kuzingatia kwamba wageni hawa wote hawakupata bahati sawa. Chukua Cairo. Katika miaka ya 1950 ilisikilizwa kwa sababu ilisema yale ambayo redio ya serikali ya kikoloni isingeweza kuyasema. Uhuru ulipopatikana, maneno yale yale ya kupinga ukoloni yakawa yanasemwa na redio yetu wenyewe kutoka Dar es Salaam, tena kwa sauti kubwa zaidi. Ugonjwa ambao Cairo ilikuja kuutibu ukawa umepona. Leo kijana wa umri wangu akiambiwa kwamba Cairo iliwahi kusikilizwa hapa kwa Kiswahili anadhani ni utani.

BBC ilibaki. Ilibaki kwa sababu baada ya uhuru ulijitokeza ukimya wa aina nyingine. Nchi ilikuwa na redio moja ya taifa, na ya serikali. Sitaki kuidharau Redio Tanzania Dar es Salaam. Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 ilifundisha watu kuchimba vyoo na kunywa maji safi, na Kiswahili tunachoandika leo kwa sehemu kubwa kilikuzwa na watangazaji wale. Lakini redio ya serikali ni redio ya serikali. Waziri akiharibu, haikuwa kazi yake kumwanika. Mtu akitaka maoni ya pili, kama mgonjwa anayetaka daktari mwingine amwangalie, alilazimika kuyatafuta nje.

Na kwa watu wa Ziwa Victoria haja hiyo ilikuwa kubwa kuliko ya mtu wa Dodoma. Tazama ramani. Ng'ambo ya maji kuna Uganda na Kenya, na magharibi kuna Rwanda na Burundi. Vita vya Idi Amin vya 1978 na 1979 vilianzia Kagera, na Machi 1979 ndege ya Libya iliyotumwa kumsaidia Amin ilijaribu kuupiga Mwanza kwa mabomu. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, maiti zilielea kwenye Mto Kagera mpaka ziwani, watu wakaogopa kula samaki. Ukiwa mvuvi wa Sengerema, habari za Kigali si "habari za kimataifa". Ni habari za chungu chako. Chombo cha kigeni kilichokuwa na mwandishi Kigali, Kampala na Bujumbura kilikuwa kinamletea mvuvi yule habari za nyumbani kwake.

Kuna jambo la pili. Wahenga hao hao walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. BBC ilikubali kushika jembe. Waliozungumza kwenye ile redio walikuwa watoto wa hapa hapa. Tido Mhando alitoka Redio Tanzania, akafika London akawa mkuu wa Idhaa ya Kiswahili, kisha mwaka 2006 akarudi nyumbani kuongoza shirika la utangazaji la taifa. Charles Hilary, ambaye alifariki dunia Mei 2025, alisikika BBC kabla ya kurudi kwenye vyombo vya nyumbani na hatimaye kuwa msemaji wa Ikulu ya Zanzibar. Zuhura Yunus alitoka kwenye Dira ya Dunia, na mwaka 2022 akateuliwa kuwa mkurugenzi wa mawasiliano ya Rais. Unaona mzunguko huo? Watu wanatoka redio yetu wanakwenda ya mgeni, kisha wanarudi wanashika vyombo vyetu na ofisi zetu. Baada ya muda msikilizaji anashindwa hata kujua mpaka uko wapi.

Jambo la tatu ni mlango, na hapa naomba tusimame kidogo.

Masafa mafupi yalikuwa na sifa moja kubwa: hayakuomba ruhusa kwa mtu. Mawimbi yanarushwa kutoka mbali, yanagonga angani, yanashuka Maisome. Unahitaji betri na uvumilivu wa kuzungusha kitufe. Kisha sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikafungua njia kwa vituo binafsi, na katikati ya miaka ya 1990 Mwanza ikapata Radio Free Africa. Kituo hicho kikawa kinajiunga na BBC na idhaa nyingine za nje wakati wa taarifa zao. Sauti ambayo zamani ilikuja ikikoroma sasa ikawa safi, katikati ya matangazo ya biashara ya Mwanza na salamu za wasikilizaji. Mwaka 2012 BBC ikaleta na Dira ya Dunia ya televisheni, na ndugu wa redio hiyo hiyo, Star TV, akaipokea. Mgeni akawa anaingia kwa mlango wa mwenyeji, ameshikwa mkono na mwenyeji.

Sasa twende Marekani na mambo haya matatu mkononi: haja, jembe na mlango.

Tuanze na haja. Al Jazeera yenyewe, ile ya Kiarabu, ilizaliwa Novemba 1996 kwa sababu inayofanana sana na ya kwetu. Televisheni za nchi za Kiarabu zilikuwa za wakubwa, zikionyesha mfalme akipokea wageni. BBC ilikuwa imejaribu televisheni ya Kiarabu kwa ubia na kampuni ya Kisaudi, ubia ukavunjika Aprili 1996, na waandishi wengi waliopoteza kazi wakachukuliwa Doha. Ukimya ulikuwepo, Al Jazeera ikaujaza, na ndani ya miaka michache ikawa inatazamwa kutoka Morocco mpaka Oman.

Lakini Mmarekani wa mwaka 2013 alikuwa na ukimya gani? Alikuwa na CNN tangu 1980, na Fox News na MSNBC tangu 1996. Mwenye mrengo wa kulia alikuwa na chake, wa kushoto alikuwa na chake. Al Jazeera America ikaja na ahadi ya habari ndefu, makini, zisizo na kelele. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, na katika mwaka wake wa kwanza ilitunukiwa tuzo ya Peabody. Lakini wastani wa watazamaji wake wa jioni ulikuwa makumi ya maelfu tu katika nchi ya watu zaidi ya milioni 300, wakati Fox ilihesabu kwa mamilioni. Mwenyeji alikuwa anaumwa, pengine, lakini hakujiona mgonjwa. Na dawa ya mtu asiyejiona mgonjwa haiuziki hata iwe nzuri namna gani.

Halafu jina. Baada ya Septemba 11, 2001 Mmarekani wa kawaida alilijua neno Al Jazeera kwa jambo moja: kanda za Osama bin Laden. Serikali ya George W. Bush iliishambulia kwa maneno, na kwa mabomu pia, kwani ofisi yake ya Kabul ilipigwa Novemba 2001. Aprili 2003 mwandishi wake Tareq Ayyoub aliuawa Baghdad kwa kombora la Marekani. Mpiga picha wake Msudani, Sami al-Hajj, alifungwa Guantanamo mpaka mwaka 2008. Kituo kikaamua kuingia sebuleni kwa watu wale wale na jina lile lile. Wapo wanaosema wangebadilisha jina. Mimi nadhani jina peke yake lisingewaua, maana BBC nayo ilikuja kwetu na jina la mkoloni. Jina baya husafishwa na matumizi ya kila siku, na matumizi ya kila siku yanataka mlango ulio wazi.

Hapo kwenye mlango ndipo Al Jazeera ilipoumia zaidi. Marekani televisheni za kulipia ziko mikononi mwa kampuni za kebo na satelaiti. Wao ndio wanaoamua chaneli gani iingie nyumbani kwako. Siku ile ile ununuzi wa Current TV ulipotangazwa, kampuni kubwa ya Time Warner Cable ikasema inaitoa chaneli hiyo. Ilirudishwa baadaye, lakini mwanzo ulikuwa umeshaharibika.

Kibaya zaidi ni hiki. Mwanzoni mwa mwaka 2011, Wamisri walipojaa uwanja wa Tahrir, Wamarekani wengi walimiminika kwenye mtandao kutazama Al Jazeera ya Kiingereza moja kwa moja, kwa sababu vituo vyao havikuwa na watu wa kutosha Cairo. Machi mwaka huo Hillary Clinton, akiwa waziri wa mambo ya nje, aliwaambia maseneta kwamba Al Jazeera inatoa habari za kweli. Ukimya ulikuwa umepatikana! Mgeni alikuwa ameitwa na mwenyeji mwenyewe. Lakini ilipofika 2013, ili kuzipendeza kampuni za kebo, Al Jazeera ikafunga matangazo hayo ya mtandaoni kwa watu walioko Marekani. Waliokuwa wanaipenda wakafungiwa nje, ili ipewe nafasi kwenye kebo kwa watu ambao hawakuwa wameiomba.

Mengine yalikuja juu ya hapo. Mwaka 2015 kulikuwa na migogoro ya ndani na kesi mahakamani, mkurugenzi akaondolewa. Bei ya mafuta ikaporomoka, na mfuko wa Qatar ukaanza kuhesabu. Januari 2016 wakatangaza kufunga.

Kuna atakayesema: Mmarekani hapendi chombo cha mgeni, basi. Si kweli. Rupert Murdoch, baba wa Fox News, ni mzaliwa wa Australia. Sheria ya Marekani ya mwaka 1934 inabana hisa za wageni kwenye vituo vya masafa, naye mwaka 1985 akachukua uraia ili amiliki vituo. Alishika jembe. Na BBC hiyo hiyo ya kwetu inasikika Marekani kupitia redio za umma za huko, zinazochukua matangazo yake kama Radio Free Africa ilivyokuwa ikichukua ya Kiswahili. Mbinu ni ile ile: ingia kwa mlango wa mwenyeji.

Hata mlango nao hautoshi peke yake. Wachina walianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, kabla ya Waamerika na Wajerumani. Kampuni yao ya StarTimes iliingia ubia na TBC na kuleta ving'amuzi nyumba kwa nyumba. Mwaka 2011 tulitazama tamthilia yao ya Doudou iliyotiwa Kiswahili, na watu waliipenda. Lakini uliza kijiweni ni nani aliyewasha king'amuzi ili apate habari za Tanzania kutoka Beijing. Mlango upo, haja ya habari haipo. Na Al Jazeera yenyewe iliwahi kutangaza mpango wa chaneli ya Kiswahili yenye makao Nairobi. Hatujaiona hewani mpaka leo.

Sasa kwa nini nayaandika haya badala ya kuandika habari za mpira?

Kwa sababu milango yetu imekuwa ikifungwa, tena kutoka pande zote. Agosti 2020, kuelekea uchaguzi, kanuni za maudhui zilibadilishwa na kituo cha ndani kikatakiwa kupata kibali cha TCRA kabla ya kurusha matangazo ya chombo cha nje. Vituo vikaacha kujiunga na BBC na Deutsche Welle mpaka vipate vibali. Tulipohama kutoka masafa mafupi kwenda FM tulifurahia usafi wa sauti. Kumbe ufunguo ulikuwa umehama mkono.

Machi 2025 mwenye nyumba mwingine alifunga mwenyewe. Rais Donald Trump alitia saini amri ya kulipunguza shirika linalosimamia Sauti ya Amerika, wafanyakazi wakapewa likizo ya lazima, na Idhaa ya Kiswahili iliyoanza 1962 ikanyamaza. Na kwa wanaosema redio ni mambo ya wazee, sasa tuna simu, naomba mkumbuke Oktoba 29, 2025. Siku ya uchaguzi mkuu intaneti ilizimwa nchini, ikakaa hivyo kwa siku kadhaa. Ukiwa Sengerema na simu nzuri kabisa mkononi, siku zile simu ilikuwa tochi. Masafa mafupi yasingezimika kwa namna ile.

Mimi sililii BBC. Chombo cha serikali ya nje kina mambo yake, na siku moja mwenye pesa atafanya kama alivyofanya Qatar au Washington: atahesabu na kufunga. Ninachosema ni kwamba historia hii inatupa kipimo. Ukitaka kujua nchi ina ukimya kiasi gani, angalia watu wake wanasikiliza redio ya nani. Cairo iliondoka masikioni mwetu kwa sababu tulianza kuyasema wenyewe, si kwa sababu mtu alikataza. Hiyo ndiyo njia pekee ya kumshinda mgeni bila kumfukuza.

Na hilo linatuhusu sisi tulioshika kalamu. Sengerema ina redio yake ya jamii, iliyokua kutoka kituo cha mawasiliano kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa Juni 2025, hatusubiri tena kivuko kwa masaa. Habari za halmashauri yetu, bei ya pamba, zuio la kuvua, nani kapewa zabuni, zote ziko umbali wa pikipiki. Mwandishi wa London hatakuja kuziuliza. Tukiziuliza sisi, na tukaruhusiwa kuziandika, mzee wa Kome atapandisha sauti ya redio ya hapa hapa. Tusipoziuliza, ataendelea kuzungusha kitufe akitafuta mgeni wa kumwambia yaliyotokea nyumbani kwake.

Naomba kutoa hoja.